Namba 142857 nimeishona kwenye kofia, na sasa nnachora mwenyewe

Wakuu, salaam. Nisameheni mapema kwa herufi nitakazokosea. Shule niliishia la saba na nnaandika polepole, kwa kidole kimoja. Ila hii ni kweli tupu, na kofia yenyewe ipo.

Mimi ni msichana wa Chukwani. Nnashona kofia za mkono na wanawake wa mtaani, nyumbani kwa Bi Raya.

Kwake kuna desturi: msichana hushona michoro ya wenzake mpaka siku Bi Raya atakapoukubali mchoro wake. Wenzangu wote walikuwa washakubaliwa. Mimi bado. Nikiitwa nilikuwa nnajibu "naam", kisha naangalia chini.

Sasa humu jukwaani mkuu mmoja aliweka namba 142857, akasema tuizidishe.

Nikachukua simu. Mara mbili: 285714. Mara tatu: 428571. Mpaka mara sita, tarakimu ni zilezile, zinafuatana vilevile, ila kila mara zinaanzia pengine.

Nikasema moyoni, hii ni kofia! Kofia nayo inazunguka, unaanzia popote.

(Mara saba inatoka 999999. Hapo nilicheka peke yangu jikoni, mama akaniuliza nna nini.)

Basi nikachora mafungu sita ya maua kuizunguka kofia: ua moja, manne, mawili, manane, matano, saba. Nikaishona yote, nikaipeleka.

Binamu yangu Zuhura akaidaka kwanza.

"Huku ua moja, huku manane? Kofia ina upara hii!"

Wakacheka wote.

Sisi kofia tunaikagua kwa kuikunja bapa. Fungu la mbele linalala juu ya la nyuma, lazima yalingane. Yangu hayakulingana hata mahali pamoja. Bi Raya akaikunja, akataka kunirudishia.

Nikaona hii ndiyo basi tena. Sauti ikanitoka, sijui ilikotoka.

"Bi Raya, naomba uyahesabu pamoja. La mbele na la nyuma."

"Moja na manane... tisa." Akaizungusha kidogo, akakunja. "Manne na matano, tisa." Akaizungusha tena. "Mawili na saba. Tisa! Wewe Zuhura, hebu njoo uone!"

Nikawaeleza na ile ya kuzidisha. Zuhura hakuniamini, akajaribu kwenye simu yake huku kidole kinafuata maua. "Toba! Inazunguka kweli!"

Bi Raya akanivalisha ile kofia kichwani, juu ya mtandio.

"Kuanzia leo chora mwenyewe. Na huyu Zuhura mchoree na yeye."

Wakuu, nilirudi nyumbani nayo kichwani, njia nzima, na sikuangalia chini.

Nilichojifunza: ukiona kitu hakilingani, tazama kwanza kilichokaa upande wake wa pili. Na wenye aibu wenzangu, semeni hata neno moja.

Hivi sasa Zuhura yupo hapa anashona mchoro wangu. Kafika kwenye manane, ananilaani.

Mkuu uliyeiweka ile namba, ahsante sana. Je, ipo nyingine kubwa zaidi inayozunguka hivi? Niandikieni, hata mstari mmoja. Nnasoma polepole lakini nnasoma yote.