Jumatatu za Murhula huko Munigi

Mdogo wangu Murhula tulimzika siku ya Alhamisi. Jumatatu iliyofuata nilipanda Munigi, juu ya mji wa Goma, kupima joto la shimo lake la utafiti. Familia ilisema kilio kimeniharibu akili. Ninaandika haya ili waelewe, na ili wanaomwombea wajue alikuwa na kazi gani.

Sisi ni watoto wa upande wa Bukavu, tuliletwa Goma na baba yetu aliyekuwa karani. Murhula alisomea ujenzi, kisha akabaki kwenye udongo: ardhi ipi inabeba nyumba bila kuzama, na ipi inapasua kuta. Alifundisha hayo miaka kumi na miwili katika chuo kimoja cha hapa mjini, na jioni alirudi nyumbani Katindo na vumbi jeusi mpaka ndani ya masikio. Wanafunzi walimwita Dokta wa Mashimo. Udokta wenyewe alikuwa hajaupata. Kazi yake ya mwisho ndiyo ilikuwa imebaki.

Kazi hiyo ilikuwa hivi. Huku kwetu chini ya mawe ya volkano kuna joto. Murhula alitaka kujua kama mabomba ya maji yanaweza kupitishwa ndani ya nguzo za msingi wa nyumba, maji yapande na joto lile, yapashe moto chumba cha watoto waliozaliwa kabla ya miezi kutimia. Mama yeyote aliyezalia huku juu anajua baridi ya asubuhi inavyowafanyia watoto wa namna hiyo. Basi akachimbisha shimo jembamba Munigi, mita kumi na tano, akateremsha kipimajoto kwa kamba. Profesa wake wa ng'ambo alimpa sharti moja: apime mwaka mzima, kila Jumatatu, bila kukatiza.

Kufikia mwezi wa tano wa kupima joto likaanza kushuka, kutoka digrii thelathini na moja hadi ishirini na nane, halafu ishirini na sita. Akadhani ni mvua. Akachimba mfereji kuzunguka shimo, ndani ya mawe, kwa nyundo. Akabadilisha kipimajoto. Miezi miwili aliyasema hayo mezani, na mimi nampakulia bugali.

Siku moja akasema, "Yaya, wiki tatu mvua hainyeshe. Maji inatoka wapi?"

Nikaweka mwiko chini. "Ni mimi njo niko namwanga."

"Unamwanga nini?"

"Maji ya baraka. Kila Siku ya Mungu, kisha misa. Mama Mukamugema ananisaidia kubeba bidoni."

"Bidoni mzima?"

"Mzima."

Niliogopa, hiyo ndiyo kweli. Tumekimbia volkano mara mbili, na sasa ndugu yangu alikuwa anatoboa ardhi chini ya mlima uleule. Padri alibariki shimo siku ya kwanza, nikaona mara moja haitoshi. Mama Mukamugema, kiongozi wa kikundi chetu cha sala, alisema tumwage dumu zima kila mara, mpaka moto upoe.

"Basi imepoa," Murhula akasema. Alicheka kidogo. "Watu ya Munigi wanapanga mustari juu ya maji, na ninyi munanywesha shimo."

Kisha akasukuma sahani kando.

"Sasa utafanya namna gani?" nikamuuliza.

"Nitaanza tena."

Miezi saba ikatupwa. Kwa profesa aliandika kwamba maji yaliingizwa na mtu. Jina langu hakulitaja.

Akaanza upya kutoka wiki ya kwanza, nami sikumwaga tena. Wakati huo moyo wake ulikuwa umeanza kuugua, na daktari alimkataza kupanda. Alipanda. Pikipiki ilimwacha barabarani, akamalizia kwa miguu juu ya mawe, akipumzika kila hatua ishirini. Wiki ya arobaini na mbili alirudi, akaandika namba yake, akajilaza mchana. Hakuamka.

Zilibaki Jumatatu kumi. Nilimwuliza Julien, mwenzake wa chuoni, kama namba zangu zitahesabiwa.

"Mama Joviale, andika kwamba ni wewe ulipima, na saa ngapi. Ukikosea, andika ulikosea. Profesa ataamua."

Mimi niliishia sekondari, lakini kusoma namba sishindwi. Nilikwenda zote kumi. Nilisali njiani, nikifika shimoni nilifunga mdomo na kuteremsha kamba. Wiki ya tatu niliivuta haraka mno, nikaandika hivyo. Wiki ya mwisho joto lilikuwa digrii thelathini na nusu.

Profesa alijibu kupitia Julien kwamba mwaka umekubalika, na kwamba joto lile linatosha chumba kimoja kidogo. Udokta hawezi kumpa marehemu. Julien ataandika matokeo, jina la Murhula likitangulia. Chumba chenyewe, hakuna aliyesema atakijenga lini.

Jumatatu iliyofuata niliamka saa kumi na moja alfajiri, nikavaa viatu vya kupandia mawe, ndipo nikakumbuka hakuna pa kwenda. Nikakaa kitandani hadi kengele ya parokia ilipolia, nikaenda misa na viatu vilevile.