Aliyetakiwa Kuidhinisha Kufutwa Kwake

Alhamisi iliyopita mwenzetu alifariki ghafla akiwa likizo kwao Nakuru, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue ameacha kuniandikia barua pepe ya kuuliza kwa nini sijajibu barua pepe. Mnaonisoma mnajua kwamba safu hii hainilishi. Kazi yangu ni ya seva, kwenye mnara mmoja hapa West Bay, mtaa wa maofisi huku Uarabuni, na yeye ndiye alikuwa mkuu wa usalama wa mifumo: aliamua nani aingie wapi, kisha akajibu maswali ya wakaguzi. Mungu amrehemu, lakini alikuwa kero.

Siku moja nilisahau kadi nyumbani Muaither. Tulikuwa tumetoka kunywa chai ya karak pamoja, kwa hiyo nikamwomba anifungulie chumba cha seva. "Kaka, si unanijua?" nikamwambia. Akafuta makombo ya chapati mdomoni. "Wewe nakujua poa sana, buda. Lakini huu mlango haukujui. Enda ulete kadi." Nikarudi Muaither na jua lile, nikimtukana kila kipilefti.

Kanuni yake kubwa ilikuwa kwamba anayeondoka afutwe kwenye mfumo siku hiyohiyo. Walioondoka bila kufutwa aliwaita mizimu, na aliwasaka kwa furaha isiyo ya kawaida. Basi Jumapili nikapewa kazi ya kumfuta yeye. Fomu inauliza sababu: ameacha, amefukuzwa, au mkataba umeisha. Kufa hakumo. Nikachagua mkataba umeisha, nikatuma, mfumo ukanijibu kwamba ombi linasubiri idhini ya mkuu wa usalama. Yaani yeye. Nilicheka peke yangu mpaka nikaona aibu. Miaka yote tulimsihi ateue kaimu, hakuteua, na mimi niliyefanya naye kazi muda mrefu kuliko wote nilijua sababu: haniamini. Jambo hilo liliniuma kuliko nilivyowahi kukiri.

Nikaingia kwenye rekodi za idhini kutafuta njia nyingine, nikaikuta fomu ya kaimu. Alikuwa ameijaza na kuisaini tangu mwanzo wa mwaka, na jina lililoandikwa ni langu. Ilikwama kwa kitu kimoja tu: mafunzo ya usalama ya nusu saa ambayo sikuyafanya. Ndiyo maana ya vile vikumbusho vyake vyote vya barua pepe nilivyokuwa navifuta bila kuvisoma.

Nikafungua kikumbusho chake cha mwisho, nikayafanya palepale, macho yamejaa machozi, nikakosea hata swali la nywila. Nilipofaulu, nikawa kaimu wake, na ombi la kumfuta likaja kwangu. Nikaliidhinisha. Kama kuna mtu kazini anakukera kwa vikumbusho, ndugu msomaji, kifungue hata kimoja. Mimi nilikifungua cha kwangu yeye akiwa mochari.