Mstari Mmoja wa Noeli Ulionipeleka Ujiji

Mama yangu aligoma kuimba. Hiyo ndiyo sababu iliyonitoa Dodoma mapema Desemba, wakati wenye akili zao wanashona nguo za sikukuu. Mimi ni mwalimu wa kwaya, na mama alikuwa sauti ya kwanza mpaka siku nilipomsimamisha katikati ya mazoezi. Kwenye wimbo wetu wa Noeli, palipoandikwa "Mwana wa pekee", yeye anaimba "Mwana, mwakeye", kisha ananyamaza mapigo mawili mazima, kwaya nzima inavurugika. Mwakeye ni salamu ya asubuhi ya Kiha, hilo nalijua. Lakini nani anamwamkia Mtoto Yesu kwa Kiha katikati ya wimbo wa Kiswahili? Nikamwambia mbele za watu kwamba anakosea. Akakunja daftari lake, akaenda kukaa.

Krismasi mbili zikapita hajaimba, hata jikoni. Kila nikimbembeleza jibu ni lile lile: kamuulize dada yangu Jenoroza. Na Mama mkubwa Jenoroza simu hashiki. Basi nikafunga safari, na nisiwafiche, nilikwenda kutafuta ushahidi wa kumshinda mama yangu mzazi.

Dodoma hadi Kigoma. Treni ilichelewa, hilo nilishalizoea. Nisilolizoea ni jirani yangu wa kiti, mama mmoja mnene mpole, mwenye nyimbo nne za Krismasi kwenye simu. Nne tu! Zikiisha anaanza upya. Nilipomwomba azipumzishe kidogo, aliniuliza taratibu kama mimi si Mkristo. Tulipofika Kaliua nikajikuta naimba naye, nikajichukia.

Kigoma, asubuhi. Nilipitia soko la Mwanga kununua kanga ya kumpelekea mwenyeji wangu, na spika za maduka zilikuwa zinapiga nyimbo zile zile, kila duka na wimbo wake, zote kwa pamoja. Nikapanda bodaboda mpaka Mwandiga, nyumbani kwa Mama mkubwa. Mlango una kufuli. Jirani akanieleza, huku akimenya muhogo wake bila haraka yoyote, kwamba Mama Jenoroza yuko Ujiji kwa binti yake, mwezi wa pili huu. Nikarudi njia ile ile niliyotoka, vumbi mpaka kwenye kope.

Ujiji, mchana. Nilimkuta nyuma ya nyumba, ziwa linaonekana kule chini, anapepeta dagaa. Nikampa shikamoo, akaitikia kana kwamba tuliagana jana. Nilitaka kuuliza palepale, akakataa: kwanza kuoga, kisha ugali wa muhogo na migebuka, kisha habari za kila mtu wa Dodoma, hadi wale nisiowajua. Nilikaribia kulia kwa hasira. Mwishowe nikauliza.

"Mama yako alikosea," akasema.

Nusura nipige makofi. Lakini hakuwa amemaliza.

Walipokuwa wasichana, alinieleza, watoto wa kwaya walizunguka nyumba kwa nyumba asubuhi ya Noeli, kwa Wakristo na kwa Waislamu, na mama yangu ndiye aliyeongoza. Kwenye nyumba ya Bi Zuhura, bibi wa Kiislamu aliyeogopwa mtaa mzima, mlango ulifunguliwa mama akiwa katikati ya mstari ule. Sasa afanyeje? Mtoto aliyelelewa hawezi kumpita mtu mzima bila kumwamkia, na wimbo nao hauwezi kukatwa. Akaitia salamu humo humo ndani ya wimbo, akasimama.

"Na Bi Zuhura akaitikia kwa tuni," Mama mkubwa akasema. "Tangu siku hiyo kila mlango tukaimba hivyo, na kila nyumba ikaitikia. Kwani huko kwenu nani anamwitikia?"

Miaka yote ile mama alikuwa hajasahau kitu. Alikuwa anangoja.

Safari ya kurudi. Sikulala vizuri, nilijionea aibu. Nilimkumbuka yule mama wa nyimbo nne, nikafikiri huenda naye kuna mtu anamsikia humo kila zinapoanza upya, ndiyo maana hazimchoshi. Mimi nilikuwa nasahihisha tu.

Dodoma, asubuhi ya Krismasi. Nilisimama nje ya mlango wa chumba cha mama nikauanza wimbo peke yangu. Nilipofika kwenye mstari nikaimba, "Mwana, mwakeye," nikanyamaza. Mapigo mawili yakapita. Yakawa manne. Mwalimu mzima wa kwaya, sijui mikono niiweke wapi, nikaelewa jinsi alivyojisikia mbele ya watu siku ile.

Kisha kutoka ndani mama akaitikia, kwa tuni.