Wiki Tano Bila Kufagia

Nilipokuwa mtoto wa darasa la tatu, pale Ruhuwiko, nyumba yetu ilikaa wiki tano bila kufagiwa. Baba alikuwa askari, akaondoka alfajiri moja ya baridi na malori yaliyokwenda vitani Msumbiji. Bibi, mama yake Baba, akauficha ufagio uvunguni mwa kitanda chake.

"Msafiri hafagiliwi nyayo mpaka tusikie kafika," alisema.

Kwa safari za Namtumbo mwiko huo ulikuwa wa siku moja tu. Lakini huko vitani, nani angetuletea habari kwamba kafika?

Tukaishi na vumbi. Makapi ya mahindi, majivu, kinyesi cha kuku, vyote tuliviruka. Wenzangu shuleni wakanitania kwamba kwetu tunafuga funza. Nilivumilia, maana nilimpenda Baba kuliko kitu chochote.

Kisha ikafika zamu ya jumuiya kuja kwetu kusali rozari, kuwaombea askari. Mama na Bibi walikuwa shambani Matogoro. Nilipowaza wale kina mama na vitenge vyao vya kanisani wakipiga magoti kwenye uchafu ule, aibu ilinizidi. Nikauvuta ufagio, nikafagia nyumba nzima hadi mlangoni.

Bibi aliporudi alisimama kizingitini. "Nani kafagia?"

"Sijui, Bibi."

Aliketi chini, akashika kichwa.

Siku ya nane tangu nifagie, walikuja wanajeshi wawili pamoja na padri. Mama alipiga yowe. Mimi sikulia. Nilijifungia chooni, kwa sababu nilijua nani kamuua Baba.

Nilikaa na siri hiyo hadi nikawa na watoto wangu. Siku moja, tukichambua maharage, nikamweleza Mama yote. Mikono yake ilitulia ndani ya ungo.

"Si wewe, mwanangu. Ni mimi. Baba yako alikuwa ameshafika barabarani, nikamwita arudi achukue sweta. Na msafiri akishatoka haitwi. Bibi yako hakujua mpaka anakufa."

Nilitaka kumwambia, Mama, ni risasi, ni vita. Lakini mimi mwenyewe maneno hayo yalikuwa hayajawahi kunifariji. Tukalia pamoja.

Kinachoniuma hadi leo ni miaka ile yote. Tulikula sahani moja, tukalala chumba kimoja, kila mmoja akimwomba mwenzake msamaha kimoyomoyo.