Aliwafunza wenzake kuongoza, akajisahau miaka minne

Saa moja asubuhi, kando ya barabara ya Mombasa mjini Mlolongo, Nthenya Muindi amepiga magoti kwenye mtaro wenye matope. Lori la mawe limerudi nyuma vibaya na kukata waya wa faiba, na mitaa mitatu ya nyumba za kupanga imeamka bila intaneti.

Mbele yake, juu ya kreti ya soda iliyopinduliwa, kuna mashine ndogo ya kuunganisha nyuzi za kioo zisizozidi unene wa unywele. Anaupangusa uzi kwa spiriti, anaulaza kwenye mashine, anafunika, anangoja mlio. Nyuzi ziko ishirini na nne. Amemaliza kumi na saba.

"Niaje mathee, net inarudi lini?" anapaza sauti mpangaji mmoja kutoka roshani.

"Kunywa chai kwanza. Ukimaliza kikombe itakuwa imerudi," anajibu.

Mara anafika msimamizi wa jengo moja la karibu, shati limechomekwa, uso umekunjwa. Anampita Nthenya kana kwamba ni kifusi na kwenda moja kwa moja kwa mafundi wawili wanaume walioegemea gari. "Bosi wenu hapa ni nani?" anafoka. Mafundi wale wananyoosha vidole chini, mtaroni.

"Ni mimi," anasema Nthenya bila kuinua macho. "Ngoja nimalize huu uzi, tuongee."

Ni maneno mawili tu, na mtu angedhani ni mepesi. Nthenya, mwenye umri wa miaka arobaini na mitatu, yalimchukua miaka minne kuyatamka, na kama si wanawake kumi na sita na mzee mmoja muuza mbuzi, huenda hangeyatamka hadi leo.

Nthenya alizaliwa Katangi, kule Yatta. Mama yake, Kamanthe, aliongoza mwethya, kile kikundi cha kazi ambacho wanawake wa Ukambani wamekitumia tangu zamani kulimiana mashamba na kuchimba matuta ya kuzuia udongo usibebwe na mvua. Leo wanachimba kwa huyu, wiki ijayo kwa yule, hadi kila mmoja afikiwe.

"Mwaitu hakuwahi kujipigia debe," anasema Nthenya. Mwaitu ndivyo wanavyomwita mama kwa Kikamba. "Wanawake wenyewe ndio walimchagua. Nikakua nikijua hivyo, kwamba kiongozi anangoja aitwe."

Mwaka 2009, akiwa na cheti cha ufundi wa mawasiliano, aliajiriwa na kampuni moja ya intaneti kwa mshahara wa shilingi elfu kumi na nane. Alikuwa mwanamke pekee aliyepanda nguzo. Mara ya kwanza wateja walimtuma akaite fundi. Akiwaambia fundi ndiye yeye, walifunga lango wakampigia bosi simu kuthibitisha.

Alistahimili, akapanda hadi kuwa naibu wa meneja wa mafundi. Mwaka 2020 meneja akaacha kazi, na Nthenya akapewa barua ya kukaimu nafasi hiyo kwa miezi sita.

Miezi sita ikawa mwaka, mwaka ukawa miaka minne. Alipanga zamu za mafundi thelathini na wanane, alijibu lawama za wateja kutoka Mlolongo hadi Kangundo, alitia sahihi kila ripoti. Lakini mshahara ulibaki ule wa naibu, shilingi elfu sitini na mbili, na kwenye kitambulisho chake cha kazini neno Kaimu lilikaa pale mbele ya cheo kama mgeni asiyejua kuaga.

Nafasi hiyo ilitangazwa mara mbili. Mara zote mbili hakuomba.

"Nilijiambia, si wananiona? Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza," anasema, kisha anacheka kwa uchungu kidogo. Waliokuja kuhojiwa hawakufaa, naye akaendelea kukaimu. Mvumilivu hula mbivu, wanasema. Za Nthenya ziliiva, zikaanza kuozea mtini.

Na hapa ndipo pa kushangaza. Katika miaka hiyohiyo, kila Jumamosi saa nne asubuhi, Nthenya alikuwa mjini Machakos akiwafundisha wanawake wengine kutofanya kosa hilohilo.

Darasa lake hukutana katika ghala nyuma ya duka la Mzee Guled, mfanyabiashara wa mifugo ambaye ukoo wake umeishi mjini humo tangu enzi za babu yake. Wanafunzi ni wanawake wanaofanya kazi za teknolojia: wapo wanaoandika programu, wapo wanaotunza kompyuta za hospitali, wapo mafundi wa minara ya simu. Hukalia magunia ya mchele. Ukutani limening'inizwa jembe kuukuu la Kamanthe, mpini umeng'aa kwa viganja vya miaka mingi.

Nthenya alianza darasa hilo mwaka 2019, baada ya kuchoka kuona wasichana hodari wakiacha kazi kimyakimya. Hakuwa na kitabu cha uongozi, basi akachukua alichokijua. Akaunda mwethya.

Kila Jumamosi mwanachama mmoja hufikiwa na zamu. Nthenya hulishusha jembe na kuuliza, "Shamba ni la nani leo?" Mwenye zamu hujibu, "Ni langu," husimama mbele, huliweka jembe sakafuni na kueleza anataka kuchimba wapi: cheo gani anakitaka, mkutano gani unamtisha, bosi gani humkata kauli. Wengine wote humchimbia. Watamwigizia mahojiano, watampinga, watamrudisha mwanzo mara kumi. Sharti ni moja, na ni lilelile la Katangi: harukwi mtu. Mwethya ukimruka mmoja, umevunjika.

Hafso, binti wa Mzee Guled, ni mmoja wa walionufaika. Ana miaka ishirini na tisa na huandika programu za kusimamia dawa za hospitali.

"Huyu nilimpeleka soko ya mbuzi akiwa hivi," anasema Mzee Guled akionyesha kimo cha meza. "Anataja bei mbele ya wanaume, hapepesi macho. Halafu anaenda ofisi, anakuwa bubu! Walahi nilishangaa."

Zamu ya Hafso ilimfikia mara tatu kabla ulimi haujafunguka. Leo anaongoza timu ya watu tisa. Kati ya wanawake kumi na sita wa mwethya, saba wamepanda vyeo.

Basi ilikuwa Jumamosi ya Februari mwaka jana. Nthenya aliingia ghalani akakuta wote wameshafika, jambo ambalo si la kawaida, na wamenyamaza, jambo ambalo halijawahi kutokea. Jembe lilikuwa limeshashushwa. Alikuwa nalo Hafso.

"Shamba ni la nani leo?" Hafso akauliza.

"Si ni zamu ya Emily?" Nthenya akasema, akivuta gunia akae.

Emily, fundi wa kompyuta katika hospitali moja, akatikisa kichwa. "Yangu ilikuwa mwezi uliopita, mwalimu. Tumehesabu toka mwanzo. Miaka tano hii kuna mtu mmoja tu amerukwa." Akamnyooshea simu. Lilikuwa tangazo la kazi: meneja wa mafundi, kampuni ya Nthenya, mara ya tatu. Mwisho wa kutuma maombi ilikuwa Jumatatu.

Mganga hajigangi, lakini hawa walikuwa wameamua kumganga kwa nguvu. Nthenya anakiri kwamba alikasirika. Aliwaambia hilo halikuwahusu. Akasema wakubwa wanajua kazi yake. Akasema hataki kuonekana mwenye tamaa. Kila alichosema, palikuwa na mwanamke aliyewahi kukisema palepale, na sasa alimrudishia jibu alilopewa na Nthenya mwenyewe siku ile.

"Niliona haya," anasema. "Ilikuwa kama kuchapwa na fimbo niliyoichonga mimi."

Akajitetea mara ya mwisho kwa methali yake, kwamba kizuri chajiuza. Mzee Guled, aliyekuwa mlangoni na birika la chai, akashindwa kuvumilia.

"Nthenya, mimi niko soko miaka arobaini," akasema. "Mbuzi mzuri nimeona. Mbuzi amejiuza, bado."

Ghala zima likaangua kicheko, na Nthenya naye akacheka, na katikati ya kicheko machozi yakamtoka. Akatoka nje akampigia mama yake Katangi. Alitarajia mama amtetee.

"Mwaitu, si wewe ulichaguliwa tu? Si hukujitaja?"

"Kuongoza nilichaguliwa, eeh," Kamanthe akajibu. "Lakini siku ya shamba yangu, nani alionyesha watu pahali pa kuchimba? Walingoja nani? Mwana wakwa, wewe ulishika nusu ya maneno ukakimbia nayo."

Nthenya akarudi ndani. Akalichukua jembe mikononi mwa Hafso na kuliweka sakafuni. "Ni langu," akasema. Barua ya maombi iliandikwa hapohapo, juu ya gunia la mchele, na ikatumwa kabla ya adhuhuri.

Mahojiano yalifanyika Machi, mbele ya watu watano. Swali la kwanza lilikuwa lile aliloliogopa: kwa nini hukuomba mara mbili zilizopita?

"Nikawaambia ukweli. Nilikuwa nangoja kukaribishwa kwa shamba ninalolima mwenyewe. Nikawaonyesha tulivyopunguza muda wa kurekebisha waya uliokatika, kutoka saa kumi na moja hadi saa nne. Nikasema mpango huo niliuchora mimi."

Mwishoni mwenyekiti wa jopo akamwuliza, kwa upole, kama angekubali kuendelea kukaimu mwaka mmoja zaidi, safari hii kwa marupurupu. Zamani angeshukuru na kuinama.

"Nilisema hapana. Nikasema mnipe kazi au mnirudishe kwa ufundi, lakini kukaimu basi." Ana watoto wawili shuleni na mkopo wa ploti. Aliamini amejikatia riziki kwa mdomo wake.

Siku tisa zilipita. Siku ya kumi alikuwa juu ya nguzo huko Kangundo simu ilipolia. Aliisikiliza, akashuka hatua kwa hatua, akakaa kwenye nyasi na kulia mbele ya mafundi wake, ambao walidhani kuna msiba. Alipowaambia, mmoja alipiga ukelele uliotoa watu kwenye mashamba ya kahawa.

Jumamosi iliyofuata vigelegele vya ghalani vilisikika hadi stendi ya magari. Mzee Guled alichinja beberu, akaapa kwamba na huyo pia hakujiuza. Mshahara wa Nthenya sasa ni shilingi elfu mia moja na kumi na tano. Kitambulisho kipya kilichelewa, na yeye hakukingoja: alichukua msumari akalikwangua lile neno la kwanza. Kipya kimeshatoka, lakini bado huvaa kile chenye mkwaruzo.

Katika idara yake hakuna anayekaimu zaidi ya miezi mitatu siku hizi. Ikifika siku ya tisini, Nthenya hupanda ofisi za juu na barua mkononi, na hashuki bila jibu. Ameajiri mafundi wanawake sita.

Mpango wake sasa ni kuufikisha mwethya Katangi. Machakos ameiacha mikononi mwa Hafso. Anataka kuwafikia wanawake wanaotengeneza simu, wanaoendesha saiba za intaneti, wanaofunga paneli za sola, wale ambao hakuna mtu hata huwaita watu wa teknolojia. Anataka ifikapo mwisho wa mwaka ujao wawe hamsini, na kila mmoja awe amefikiwa na zamu.

Kikao cha kwanza kimefanyika mwezi huu, katika chumba cha kukodi nyuma ya maduka ya Katangi. Wamekuja kumi na mmoja. Kamanthe, miaka sabini na minane, amekaa nyuma kabisa na mkongojo wake, amesema amekuja kuangalia jembe lake tu.

Zamu ya kwanza imemwangukia Mbithe, mwenye miaka ishirini na mitatu. Hutengeneza simu katika kibanda chenye jina la kaka yake, ambaye anaishi Nairobi na hajui hata kufungua kifuniko cha simu. Wateja wakija humwuliza mwenyewe yuko wapi, naye huwaambia ametoka kidogo. Anataka kubadilisha jina lile lakini hajathubutu kumwambia mtu.

Nthenya analiweka jembe mbele yake. "Shamba ni la nani leo?"

Mbithe anatazama sakafu, anatazama mlango. Midomo inacheza. Kitu kinatoka, chembamba, ambacho hata wa safu ya mbele hawana hakika nacho.

Kutoka nyuma mkongojo unagonga sakafu mara mbili.

"Sema na nguvu, mwana wakwa," anasema Kamanthe. "Watu wa huku nyuma wamekuja na jembe na hawajui waanzie wapi."

Mbithe anainua kichwa.

"Ni langu," anasema, na safari hii hata waliokuwa dukani upande wa mbele wanageuka kutazama.