Mawese Kwenye Viti vya Ngozi

Jumapili, 6 Agosti 1995. Upepo wa vumbi tangu asubuhi.

Bosi alisema viti vya ngozi vya gari lake jipya vikipasuka kwa jua, nitafute kazi nyingine. Jana nikavipaka mawese, kama baba alivyopaka ngoma yake kule Litapunga. Viling'aa! Leo nikampeleka mkewe kanisani, kavaa gauni jeupe. Aliposhuka tu, jirani yake akapiga kelele: "Shoga, umekalia mchuzi?" Watu wote wakageuka.

"Dereva, umepaka nini?"

"Mawese, mama. Gauni nimeliharibu mimi, nakubali. Lakini ngozi ni ngozi. Ngoma ya baba haijapasuka mpaka leo!"

Mama akarudi nyumbani kwa miguu. Kazi sijui kama bado ninayo. Jioni tulikula ugali na maharage, yaliyoungwa kwa mawese yaliyobaki.