Usimwitikie Aliyelala

Siku ile naikumbuka, mwanangu, kama juzi tu. Kiwanda chetu cha nguo hapa Morogoro kilikuwa kimeshauzwa kwa mwekezaji, na mimi, binti wa Bigwa niliyetoka chuoni na kiburi changu, nikakabidhiwa kompyuta ya kuendesha boila, lile tangi la kuchemshia maji ya mvuke.

Ndani ya kompyuta hiyo mlikuwa na kadi tuliyoiita mlinzi. Programu ilitakiwa kumpa mlinzi ishara kila mara kwamba iko macho. Ikinyamaza, mlinzi anazima moto wa boila na kuiwasha kompyuta upya. Basi akawa anazima ovyo, zamu nzima, kazi haziendi. Nikafanya ujanja: ishara nikaiachia saa ya kompyuta iitume yenyewe, programu iwe macho au imelala. Kimya! Nikapigiwa makofi, nami nikavimba kichwa.

Siku ya tatu programu iliganda. Saa ikaendelea kumwambia mlinzi kwamba mambo ni shwari, huku moto unawaka na presha inapanda. Mzee Fidelis, mtunza boila, alikimbilia vali ya kutolea mvuke akaifungua kwa mkono, mvuke ukamuunguza. Mungu wangu! Ningemuua yule mzee.

"Shikamoo mzee. Nisamehe," nikamwambia alipokwisha kufungwa bandeji.

"Marahaba. Umewahi kulinda ngedere shambani wewe? Kwetu Matombo kila mtu yuko kibandani kwake, tunaitana. Asiyeitika, tunamkimbilia. Ukimwitikia aliyelala, ukajibu wewe kwa niaba yake, mahindi yamekwisha. Ndicho ulichofanya, binti."

Niliona haya, we acha tu. Nikakifungua kijitabu cha kadi nilichokuwa nimekidharau. Lo! Muda wa mlinzi kungoja ishara mimi niliuandika thelathini nikidhani ni sekunde, kumbe kadi inahesabu sehemu za kumi za sekunde. Mlinzi alikuwa akingoja sekunde tatu, na programu huhitaji tano kumaliza vipimo vyake. Maskini, hakuwa na kosa! Nikaandika mia tatu, na ishara nikairudishia programu yenyewe.

Kisha, mbele ya meneja na zamu nzima, nikaigandisha programu makusudi. Tukahesabu kwa sauti. Tulipofika thelathini moto ukazimika, kompyuta ikajiwasha upya. Vigelegele! Mzee Fidelis alicheka mpaka machozi, na bandeji yake mkononi. Sikufurahi hivyo hata siku ya kuhitimu.

Mwanangu, mficha maradhi kifo humuumbua. Kazi ikikupigia kelele, usiizibe mdomo. Iulize inalilia nini. Na ukikosea, kamwamkie uliyemuumiza kabla hujagusa chombo. Mungu akupe wazee wasioogopa kukugombeza, na kila atakayesimama karibu na kazi yako arudi kwake mzima.